Yai la kutotolesha kwenye meza ya maabara: maoni ya mtumiaji wa muda mrefu

Bidhaa ninayoizungumzia haina kitabu cha maelekezo, haina dhamana, na tarehe yake ya kutoka utaijua tu kama muuzaji ameamua kuiandika kwa penseli kwenye ganda. Ni yai la kuku lenye mbegu, lile lile ambalo wafugaji huweka kwenye mashine za kutotolesha. Mimi ni fundi wa maabara. Kazi yangu ni kuwaandalia watafiti viinitete ili waangalie mishipa ya damu inavyojengwa na inavyoingia kwenye ubongo. Panya nimewashika, zebrafishi, wale samaki wadogo wenye mistari, nimewafuga, ila meza yangu kwa miaka mingi imekuwa ya mayai. Wanafunzi wapya hawaishi kuniuliza waanze na mnyama gani, basi leo nawajibu wote kwa pamoja.

Asiye na subira asome hapa aondoke: kama unataka kujua nani anamwamrisha nani kati ya tishu mbili, chukua yai. Kama unataka kujua jeni fulani inafanya kazi gani, liache.

Yai linasifiwa sana kwa urahisi wake, na sifa hiyo mimi siikubali moja kwa moja. Ni kweli halihitaji banda, halili, na mashine ya kuliatamia ni kisanduku chenye joto la nyuzi 37.5 hadi 38 na unyevu wa kutosha. Lakini mayai yaliyowekwa kwenye mashine saa ile ile hayaendi sawa. Ukifungua trei nzima baada ya siku mbili utakuta kimoja kina pingili kumi na mbili za mgongo, jirani yake ana ishirini, na wa tatu hana kitu kwa sababu jogoo hakumfikia tetea. Yai lisilo na mbegu halikuambii lolote mpaka uliatamie. Ndiyo maana sisi tunaoyatumia hatuandiki umri kwa saa peke yake. Tunatumia hatua 46 za Hamburger na Hamilton, walizozipanga mwaka 1951 kwa kuangalia umbo la kiinitete: idadi ya pingili, miguu, mabawa, mdomo, kucha. Ripoti yoyote inayosema tu «viinitete vya siku tatu» naisoma kwa jicho la pembeni.

Kuhifadhi kabla ya kuatamia hakuna ugumu. Mahali pa ubaridi wa nyuzi 13 hadi 15, ncha nyembamba ikiangalia chini, na usipitishe wiki moja. Yakitoka safarini yaache yatulie kwanza. Kasoro moja ya asili hapa hakuna muuzaji atakayeirekebisha: yai linapotagwa, kiinitete kimeshakaa takribani siku nzima ndani ya mwili wa kuku, na tayari kina makumi ya maelfu ya seli. Anayetaka kuona seli moja ikigawanyika kuwa mbili amefika akiwa amechelewa. Hapo zebrafishi anashinda bila ubishi, kwa kuwa mayai yake hurutubishwa nje, kwenye maji, mbele ya macho yako.

Sasa nije kwenye kinachonifanya niendelee kulinunua.

Baada ya saa 33 hadi 38 za kuatamia, moyo unaanza kupiga. Si moyo wa kuitwa moyo, ni mrija tu uliojikunja kidogo. Pembeni yake, juu ya kiini cha njano, kumeshatokea visiwa vidogo vya damu, vidoa vyekundu ambavyo seli zake za nje zinakuwa ukuta wa mshipa na za ndani zinakuwa damu. Kuelekea mwisho wa siku ya pili visiwa vimeungana, damu inazunguka, na siku ya tatu utando mzima juu ya kiini cha njano una mtandao wa mishipa uliozungushiwa duara jekundu. Unauona kwa macho matupu. Aristotle aliona doa jekundu linalodunda siku ya tatu, karne nyingi kabla hadubini haijabuniwa, na ukikata dirisha kwenye ganda kwa uangalifu utaona kile kile.

Thamani ya kifaa hiki iko kwenye kugusa. Kukiangalia ni nusu tu ya kazi. Richard Thoma, mwaka 1893, alikuwa akifuatilia mishipa ya kiinitete cha kuku akagundua kwamba ile ambayo damu inapita kwa kasi inapanuka, na ile inayopitisha kidogo inasinyaa mpaka inapotea. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, mwaka 2004, kundi la le Noble na Eichmann lilichukua yai la aina hiyo hiyo, likaziba ateri inayopeleka damu kwenye kiini cha njano, na mishipa iliyokuwa imeshaanza kuwa ateri ikageuka kuwa vena. Mkondo uliporudishwa, iliweza kurudi kuwa ateri. Kwa hiyo jina la mshipa haliamuliwi na jeni peke yake. Msukumo wa damu yenyewe una kauli. Jaribio kama hili kwa panya lingekudai upasuaji wa mama mjamzito na maombi mengi. Kwa yai unahitaji kibano chembamba, kipande cha chuma kidogo, na mkono usiotetemeka.

Kuhusu kufungua dirisha, niseme kwa kina kwa sababu hapa ndipo wengi wanapopoteza mayai na kumlaumu muuzaji. Laza yai kwa ubavu tangu unapoliweka kwenye mashine, usiligeuze tena, ili kiinitete kielee juu na ujue kiko wapi. Kabla ya kukata, toboa tundu kwenye ncha, ingiza sindano ikiwa imeelekea chini, vuta mililita mbili au tatu za ute. Kiini cha njano kinashuka, kiinitete kinaachana na ganda, na sasa mkasi wako hautakichana. Bandika selotepu juu ya ganda kabla ya kukata, la sivyo vumbi la chokaa litakuangukia ndani. Kiinitete cha siku ya pili ni cheupe juu ya njano, hakionekani vizuri, kwa hiyo watu huingiza chini yake wino mweusi wa kaboni uliopunguzwa kwa maji ya chumvi. Jaribu kila chupa mpya ya wino kwenye mayai machache kwanza. Zipo zenye viungo vinavyoua. Ukimaliza, dondoshea maji ya chumvi yenye antibayotiki, funga dirisha lisipitishe hewa hata kidogo, rudisha kwenye mashine. Kinachoua mayai mengi baada ya dirisha ni kukauka. Vijidudu wanafuata kwa mbali.

Na usihesabu mapigo ya moyo yai likiwa mezani kwenye ubaridi. Katika siku hizi za mwanzo moyo unapiga wenyewe, hakuna neva iliyoufikia, ubongo hauna amri yoyote juu yake. Kinachouendesha haraka au taratibu ni joto. Liache yai nje kidogo tu, mapigo yanashuka, na dawa yako itapewa sifa au lawama isiyo yake. Nimeshaona michoro mizuri ya takwimu iliyokuwa inapima ubaridi wa chumba.

Matumizi yanayotangazwa zaidi ya yai ni ule utando wa korioalantoisi, unaojitandaza chini ya ganda kuanzia siku ya nne au ya tano na kufanya kazi ya pafu mpaka kifaranga apasue ganda. Una mishipa mingi kupita kiasi, na mfumo wa kinga wa kiinitete bado ni mchanga, hivyo haukatai tishu ngeni. Rous na Murphy walipandikiza uvimbe wa saratani kwenye viinitete vya kuku mwaka 1911. Judah Folkman alipotangaza mwaka 1971 kwamba uvimbe hauwezi kukua bila kujiletea mishipa mipya, utando huu ukawa uwanja wa kupimia kila kitu kinachodaiwa kuchochea au kuzuia mishipa. Unaweka kijidonge cha jelatini chenye kitu chako, unasubiri, unahesabu mishipa inayokielekea.

Mimi kwenye matumizi haya nalipatia yai alama za chini kuliko wengi. Utando wenyewe unakua kwa kasi mpaka karibu siku ya kumi au kumi na moja, kwa hiyo mishipa ingeongezeka hata bila wewe. Ya zamani inasogezwa na kijidonge na kuonekana kama mipya. Chembe ya ganda iliyoanguka inawasha utando, na muwasho unaleta mishipa. Anayehesabu akijua kijidonge kipi kina dawa, basi tena. Kwa mchujo wa kwanza, sawa. Kwa kutangaza ugunduzi, hapana.

Alama zangu za juu zinakwenda pia kwenye ubongo, na hapo yai linakuja na mwenzake, yai la kware.

Hadithi inaanzia mbali na mayai. Mwaka 1885 Paul Ehrlich alidunga rangi kwenye damu ya wanyama, viungo vikapakika, ubongo ukabaki kama ulivyokuwa. Yeye alidhani ubongo hauipendi tu rangi. Mwanafunzi wake Edwin Goldmann, mwaka 1913, akaiweka rangi ndani ya maji yanayouzunguka ubongo, na safari hii ubongo ukapakika na mwili ukabaki safi. Kwa hiyo kulikuwa na ukuta. Ukuta wenyewe ulionekana mwaka 1967, Reese na Karnovsky walipotumia hadubini ya elektroni na kuona kwamba seli za ukuta wa ndani wa kapilari za ubongo, mishipa midogo kuliko yote, zimeshonana kabisa, hakuna upenyo wa kupitisha kimeng'enya walichokidunga.

Likabaki swali ambalo hadubini haiwezi kujibu: je, mishipa ya ubongo inazaliwa ikiwa hivyo, au ubongo ndio unaoifundisha? Mishipa hiyo haizaliwi ndani ya ubongo. Mrija wa neva, unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo, unaanza bila mshipa hata mmoja. Mishipa inajikusanya kwanza nje yake, inaufunika, kisha inachipua kuingia ndani. Kwa hiyo unahitaji kumpa mshipa ubongo usio wake na kuona anafanya nini.

Nicole Le Douarin alikuwa ametengeneza njia tayari. Mwaka 1969, huko Ufaransa, aliona kwamba viini vya seli za kware vina bonge la kromatini, yaani DNA pamoja na protini zake, ambalo seli za kuku hazina. Ukipandikiza kipande cha kware ndani ya kiinitete cha kuku, unaweza kuzitambua seli za kila mmoja mpaka mwisho, bila rangi ya kufifia. Mwaka 1981 Stewart na Wiley wakachukua vipande vya ubongo wa kware ambavyo havijaingiwa na mishipa, wakavipandikiza kwenye uwazi wa tumbo la kiinitete cha kuku. Mishipa ya tumbo la kuku, ambayo kazini kwake ingekuwa ya kuvuja, ikaingia kwenye kile kipande na kujijengea sifa za ukuta wa ubongo. Wakafanya na kinyume chake, tishu ya mwilini ikawekwa ndani ya ubongo, na mishipa iliyoingia humo haikujenga ukuta. Amri inatoka kwa ubongo.

Sijui jaribio jingine lililopata jibu kubwa hivyo kwa vifaa vidogo hivyo. Na bado linarudiwa, kwa sababu siku hizi kuna kingamwili iitwayo QH1 inayoshika seli za mishipa za kware na kuziacha za kuku. Upandikize kipande kilicho na mishipa michanga ya kware, subiri siku chache, kata vipande vyembamba, paka QH1, na kila seli ya mshipa iliyosafiri itajitaja. Kwa njia ya kware na kuku hiyo hiyo ilijulikana pia, mwaka 2001, kwamba perisaiti, zile seli zinazoikumbatia mishipa ya ubongo wa mbele, hazitoki mahali pamoja na ukuta wa ndani wa mshipa. Zinatoka kwenye ukingo wa neva, kundi la seli linaloachana na mrija wa neva mapema na kuhama. Mshipa mmoja wa ubongo, koo mbili.

Kupandikiza kwenyewe hakufundishwi kwa maandishi. Kaa na mtu anayejua, mwangalie vidole. Nitasema tu kwamba mkato wa mpandikizo unafanywa kwa sindano ya tungsteni iliyonolewa au kisu kidogo kuliko vyote unavyoweza kupata, na kwamba wafadhili wakiona unachotumia hawaamini.

Yai linaponiangusha ni kwenye jeni. Kufahamu kwamba ubongo unatoa amri ni hatua moja. Kufahamu amri inaitwaje kulihitaji panya. Mwaka 1996 makundi mawili, la Carmeliet na la Ferrara, yalionyesha kwamba kiinitete cha panya kilichopoteza nakala moja tu kati ya mbili za jeni ya VEGF, protini inayochochea mishipa kukua, kinafia tumboni kwa sababu mishipa haijajengwa ipasavyo. Nakala moja! Mwaka 2008 ikajulikana, tena kwa panya, kwamba protini za Wnt7a na Wnt7b zinazotolewa na mrija wa neva ni sehemu ya ile amri ya kuingia na kujenga ukuta. Kwa yai unaweza kuingiza DNA kwenye mrija wa neva kwa mapigo mafupi ya umeme, na inafanya kazi vizuri, ila inaingia kwenye baadhi ya seli tu na upande mmoja tu, na seli za mishipa ni ngumu kuzifikia kwa njia hiyo. Wapo kware waliobadilishwa jeni ili viini vya seli zao za mishipa viwake chini ya hadubini. Kuwapata ni kazi ya barua nyingi. Kingamwili pia: nyingi zinatengenezwa kwa ajili ya panya na binadamu, na zikiletwa kwenye tishu ya kuku zinakaa kimya.

Kwa mishipa inayokua moja kwa moja mbele ya kamera, naye zebrafishi ana hoja kali. Tangu mwaka 2002 kuna aina yao ambayo mishipa yote inang'aa kijani, na mwili wao unapitisha mwanga. Jambo ambalo wageni hawalijui: kiinitete chake ni kidogo kiasi kwamba oksijeni inapenya kutoka kwenye maji, hivyo samaki asiye na mzunguko wa damu anaishi siku kadhaa na unaweza kumchunguza. Kiinitete cha kuku ambacho damu haizunguki kinakufa kabla hujajua tatizo ni nini.

Na kama unachotafuta ni ubongo unavyoendesha mtiririko wa damu yake saa kwa saa, ule uhusiano ambao Roy na Sherrington waliupendekeza mwaka 1890 kwamba sehemu ya ubongo inayofanya kazi inaletewa damu zaidi, yai si mahali pake. Niuroni, seli za neva zenyewe, bado zinatafuta viti. Tafuta mnyama aliyekwisha kuzaliwa.

Wapo wanaokitoa kiinitete kwenye ganda kabisa na kukiatamia kwenye filamu ya plastiki juu ya kikombe. Mandhari yake ni ya kupendeza na wageni wa maabara hupiga picha. Lakini ganda si boksi la kufungia tu: kiinitete kinachukua kalsiamu ya mifupa yake kutoka humo. Mwaka 2014 watafiti wa Japani walionyesha kwamba vifaranga wanaweza kutoka hai kwenye filamu, mradi waongezewe kalsiamu na oksijeni. Kwa majaribio ya wiki ya kwanza filamu inatosha. Zaidi ya hapo, mifupa yako ya utafiti itakuwa laini, na mishipa nayo itakuwa inaishi kwenye mwili wenye njaa.

Suala la sheria wanunuzi hulipita haraka mno. Uingereza, kwa mfano, inamlinda kiinitete wa ndege kuanzia theluthi ya mwisho ya kuatamiwa, maana yake siku ya 14 kwa kuku anayeatamiwa siku 21. Kwingine mpaka uko tofauti au haupo. Sisi tunasimama kabla ya hapo kwa kila jaribio, na asiyekubali haletewi mayai na mimi.

Alama: nyota tano kwa kupandikiza na kwa mkondo wa damu, tatu kwa kupima dawa kwenye utando, moja kwa jeni. Unapoagiza, usimuulize muuzaji kama mayai ni mazuri, atakuambia ni mazuri. Muulize yametagwa lini, majogoo ni wangapi kwa matetea wangapi, na kama kundi lake ni la aina moja au mchanganyiko, kwa sababu mchanganyiko ndio unaokuvurugia hatua. Kware waagize zaidi ya unavyohitaji. Ganda lao ni jembamba, utando wa chini yake ni mgumu kuliko ganda lenyewe, na mayai ya kwanza yataishia kwenye vidole vyako.